Irish Niliyoionja Kitisuru

Picha mliyoiona ni ya kweli. Aliyeshika kile kiglasi ni mimi, kitambaa cha kichwa ni changu, na kilichokuwa ndani ya glasi si soda. Tangu nirudi Kimilili kila mmoja wenu amenijia kivyake: huyu sokoni, yule kwenye lango la kanisa, mwingine akajifanya amekuja kuazima ungo. Wote mnazunguka swali lile lile na hakuna anayelisema. Basi nimekaa mezani nikaamua kuwaandikia wote kwa pamoja, nyinyi kina mama wa kikundi chetu, ili msome mambo yalivyokuwa. Habari za kukata tiketi na kupanga nauli nimeziacha. Hazina utamu.

Kimilili hadi Nairobi

Rosebella mnamjua, hata kama ni kwa jina tu. Tulisoma naye sekondari, bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Akaenda Ayalandi kufanya kazi ya uuguzi, akakaa huko sana, kisha akarudi na kujenga nyumba Kitisuru. Mwaka jana alipatikana na saratani ya titi. Mlimwombea pamoja nami, na sijasahau.

Siku moja binti yake, Naomi, akanipigia simu. Matibabu yamekwisha, akasema, na mama anataka kushukuru Mungu nyumbani Jumapili, watu wachache tu. Ila keki lazima iwe ya Anti Jescah.

"Keki ya nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nyuma ya nyumba, na mnajua mtandao wa huko nyuma ulivyo.

"Ya kahawa, Anti. Kahawa na Irish."

"Na nini?"

"Irish! Mum anasema ni hiyo tu."

Simu ikakatika. Sikumpigia tena, maana nilikuwa nimesikia vizuri. Kwetu, kama kote Kenya, Irish ni viazi. Nilishangaa kidogo, lakini mimi ni mwokaji. Mteja akitaka boga kwenye keki, namwekea boga. Siku ya soko nikanunua gunia dogo la viazi vyekundu vya Mlima Elgon, nikavichemsha vichache, nikaviponda na kuvichanganya na unga, mayai na kahawa. Keki ikatoka laini, yenye unyevu. Mume wangu alikula akanyamaza, na mnajua yeye hunyamaza kwa kitu kitamu tu.

Hivyo nikapanda basi la asubuhi na vyombo vyangu vya kuokea mapajani na gunia la viazi chini ya miguu. Si miguu yangu peke yake. Aliyekaa kando yangu alikuwa fundi wa lifti, mtu wa Malava anayefanya kazi Nairobi, na magoti yake yalikuwa karibu kugusa kidevu.

"Mama, hapa chini umebeba nini?"

"Viazi."

"Nairobi iko na viazi."

"Iko na viazi. Haina vyangu."

Nilipomwambia ni vya keki alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kuhama kiti. Lakini baada ya Salgaa, kabla ya kufika Nakuru, lori la kabichi lilikuwa limelala katikati ya barabara, tukateremshwa sote, na njaa ikatupatanisha. Kulikuwa na wauza mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kutiwa kachumbari. Yule fundi alininunulia yai, nami nikampa kipande cha ile keki ya majaribio niliyokuwa nimeifunga kwenye kitambaa. Akatafuna polepole.

"Hii iko na viazi?"

"Iko."

"Basi leta hiyo gunia nikuwekee vizuri," akasema, na kutoka hapo alililinda kama mali yake. Tulikaa pale mpaka watu wa kijiji walipomaliza kuokota kabichi na lori likavutwa pembeni. Tulipofika Nairobi, yeye ndiye aliyenishushia gunia hilo, amelibeba begani.

Upper Hill na Kenyatta Market

Nililala kwa binamu yangu Everlyne, mwenye saluni Kenyatta Market. Asubuhi nikaenda kumlaki Rosebella Upper Hill, kwenye hospitali alikokuwa na miadi ya mwisho ya daktari wake. Nilimngoja nje kati ya yale maghorofa ya vioo, watu wa ofisi wakinipita mbio na vikombe vyao vya karatasi. Nilimtambua kwa mwendo. Mwili ulikuwa umepungua, kichwa kimefungwa leso, lakini bado anatembea kama mtu anayekwenda kumkanya mtu.

"Mulembe," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mulembe swa. Umezeeka, Jescah."

"Na wewe umekonda. Daktari amesemaje?"

"Amesema niende nyumbani nikaishi."

Tukakumbatiana hapo barabarani, na mlinzi wa jengo akatuomba kwa adabu tusizibe njia ya magari.

Naomi alituendesha hadi Kenyatta Market, ni karibu tu. Mkiwa hamjafika huko, fikirini harufu ya mafuta ya nywele na harufu ya nyama inayochomwa zikigombana kwenye kichochoro kimoja. Wasichana wa kusuka walinirukia kabla sijafunga mlango wa gari. "Customer, kuja hapa! Tunasuka haraka!" Mmoja alishika kitambaa changu akakipima uzito. Everlyne akatoka na kuwatawanya, akatukalisha saluni kwake, akamtazama Rosebella na leso yake.

"Toa tuone," akamwambia.

Rosebella akasita, halafu akafungua. Nywele zilikuwa zimeota tena, fupi, laini kama za mtoto mchanga, zenye rangi ya jivu. Msusi mmoja mwenye nyuzi za rasta mdomoni akazitema na kusema, "Aki imerudi mzuri. Usiiweke kitu." Rosebella akajitazama kwenye kioo muda mrefu, na leso hakuifunga tena.

Tukaenda kula nyama. Tuliletewa mbavu za mbuzi kwenye ubao, ugali, kachumbari na chumvi pembeni. Nilikuwa na njaa ya safari nzima, kwa hiyo nilikula kwanza ndipo nikaangalia. Rosebella alikuwa akisema, "Ni tamu, ni tamu sana," huku kila kipande anachokitafuna kikirudi polepole kwenye pembe ya sahani yake. Naomi alipoinuka kwenda kunawa mikono, nikamuuliza Rosebella kuna nini.

"Usimwambie huyu mtoto," akasema. "Jescah, tangu zile dawa sionji kitu. Nyama ni kama karatasi. Chumvi ni kama kulamba msumari. Watu wanapika wanahangaika, nami nasema ni tamu ili wasivunjike moyo. Nimechoka kusema ni tamu."

"Hakuna kitu hata kimoja unachokionja?"

"Kimoja tu. Irish."

Nikamshika mkono. Nilijivuna, sitawaficha. Nikamwambia, "Basi usiwe na wasiwasi. Nimekuja nayo gunia zima."

Akatoa macho. "Gunia?"

"Gunia. Ya kutoka mlimani."

"Nani anatengeneza Irish mlimani?"

"Haitengenezwi, Rosebella, inalimwa. Umeugua kidogo tu, umesahau hata kilimo?"

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mchoma nyama akaleta maji. Alidhani nafanya mzaha. Mimi nilidhani anacheka kwa furaha ya gunia. Tukapanda gari hivyo hivyo, kila mtu na Irish yake kichwani.

Kitisuru

Kitisuru ni miti na kuta. Huoni nyumba, unaona lango tu, na nyuma ya lango mtu mwenye redio ndogo. Askari wa Rosebella aliangalia nyuma ya gari akauliza, "Madam, hii gunia ni ya nani?" Nikamwambia ni ya jikoni na aibebe kwa heshima.

Jikoni nikaanza kutoa vyombo. Naomi akafungua kabati la juu akaniletea chupa ndefu yenye picha ya buni za kahawa, akaiweka mbele yangu karibu na viazi.

"Haya Anti, Irish ndio hii."

Niliitazama chupa. Nikatazama gunia. Nikamtazama Rosebella mlangoni, naye akaona viazi vyekundu vikichungulia, na hapo hapo akaelewa yale maneno ya Kenyatta Market. Alishuka chini akakaa sakafuni kwa kicheko. Ilikuwa wiski, mabibi zangu. Wiski ya Ayalandi iliyotiwa kahawa, nao huiita Irish kwa jina la nchi. Alikoishi walikuwa wakiinywa kidogo baada ya chakula, siku za baridi, na mwaka huu, katikati ya ule ugonjwa, Naomi alimpa mama yake kijiko kimoja tu, naye akashtuka kuona ameonja kahawa. Kahawa halisi. Akamuuliza daktari wake, naye akasema kijiko si kitu, glasi ndogo mara mojamoja pia si kitu, asizidishe.

"Sikuombi unywe," akaniambia alipopata pumzi. "Najua kanisa lako. Tia tu kwenye keki, moto utaondoa ukali wake."

Hilo nilikubali bila shida. Nikaponda viazi, maana ile keki ya viazi niliiamini. Nikatia kahawa. Naomi akapima wiski kwa kijiko, nami nikainusa kwa mbali kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika. Oveni yao ina vitufe vingi kuliko redio ya askari na mara ya kwanza niliwasha taa tu, nikangoja keki iumuke kwa taa. Mwishowe ilitoka. Ilikuwa nzuri kwa macho. Tukamkatia Rosebella kipande.

Akauma. Akatafuna. Akasema, "Ni tamu sana, Jescah," na kile kipande akakisogeza kwenye pembe ya sahani.

Nilitoka nikakaa barazani. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Ngong. Mimi nimeoka keki za harusi, za ubatizo, za mazishi, na sijawahi kutoa jikoni kitu ambacho sikukionja mwenyewe. Hii nilikuwa nimeioka kama kipofu, kwa kupimiwa na mtu mwingine, eti kwa sababu ya ahadi ya kutoonja pombe niliyoitoa kanisani nikiwa msichana wa kwaya. Niliifikiria ahadi ile kwa dhati. Niliomba pia, mjue hivyo. Nilikumbuka kwamba niliahidi nisilewe wala nisipotee, na nikajiuliza nani hapa amelewa na nani amepotea. Ndani ya nyumba kulikuwa na mwanamke aliyetoka kaburini na hakuna mtu aliyeweza kumpa chakula chenye ladha. Nikainuka. Sikutikisika.

"Naomi," nikasema, "lete glasi."

Waliniletea kiglasi kidogo kuliko cha chai. Rosebella akamimina mwenyewe, upana wa kidole tu. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokaa sana, na dirisha likiwa nyuma yake unaona wekundu ndani.

"Usiimeze upesi kama dawa," akaniambia. "Iache izunguke mdomoni, halafu pumua kwa pua."

Sasa ndilo swali lenu, kwa hiyo nitalijibu vizuri. Kwanza iliniuma midomo, kama pilipili iliyokauka. Nikakohoa, nikatoa machozi, Naomi akacheka. Kisha nikapumua kwa pua kama nilivyoambiwa, na kahawa ikafika. Haikuwa ile tunayoichemsha kanisani kwa wageni. Ilikuwa harufu ya buni zikikaangwa, zinapoanza kutoa mafuta na kupasuka, harufu inayokujia kabla hujaingia mlangoni. Nyuma yake ukaja utamu wa sukari nguru iliyoungua chini ya sufuria, ule ukoko tuliokuwa tukiugombania utotoni. Na mwisho, baada ya kumeza, likabaki jambo dogo chungu, la moshi, kama ukuta wa jiko la kuni, na joto likashuka hadi kifuani likakaa hapo likatulia.

Naomi akapiga picha. Hakuwa na ubaya. Alimtumia Everlyne kuonyesha kwamba mambo yanaendelea, Everlyne akaiweka kwenye simu yake kila mtu aone, na kutoka Kenyatta Market ikafika Kimilili kabla yangu.

Nikaonja tena kidogo, kwa kazi. Hapo nikajua nimekosea wapi. Ule uchungu wa mwisho haukuwamo kwenye keki yangu hata chembe. Kahawa ya kopo niliyotumia ilikuwa dhaifu. Na harufu yote, ile inayopanda puani, nilikuwa nimeifukuza kwa moto wa oveni. Kama Rosebella anaonja kwa sababu ya kinachopanda puani, basi nilikuwa nimempikia keki iliyo kama nyumba isiyo na mtu ndani.

"Wiski itaingia keki ikishatoka kwenye moto," nikawaambia. "Na nataka kahawa kali. Kahawa ya Waswahili."

Mjini

Jumamosi Naomi aliniteremsha katikati ya mji akaenda shughuli zake. Nilitembea barabara zile zenye maduka ya vitambaa na viungo, na nikaongozwa na pua hadi kwa Bwana Swaleh, mzee wa Lamu mwenye kofia nyeupe na duka jembamba kama ushoroba. Nyuma kabisa mke wake alikuwa akifunga pakiti za iliki.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, bibi. Karibu. Habari za nyumbani?"

Nikamwambia nataka kahawa chungu, nyeusi kabisa, iliyokaangwa hadi mwisho, na isitiwe tangawizi. Nyingi. Alinitazama usoni, nadhani nilikuwa nimekunja uso kwa mawazo, akaweka mkono kifuani.

"Poleni sana. Nani aliyetangulia?"

"Hapana, hakuna aliyekufa!"

"Kahawa chungu nyingi, bibi, huku watu hununua kwa ajili ya matanga."

"Hii ni ya aliyepona."

Akafurahi, akamwita mke wake aje asikie. Nikawaeleza yote: ugonjwa, kutoonja, keki. Sikutaka kumdanganya mtu mzima dukani kwake, kwa hiyo nikamwambia pia kwamba keki hiyo itatiwa wiski.

Bwana Swaleh akachota buni. Halafu akasema, "Mimi nauza kahawa. Hilo la mwisho masikio yangu hayakulichukua." Mke wake akacheka kwa nyuma, naye akatabasamu.

Mvua ikaanza hapo hapo. Haikuwa mvua ya mchezo. Barabara iligeuka mto, watu wakavua viatu, na mimi nikabaki mle dukani kwa muda ambao keki mbili zingeiva. Walinipa kigoda na kikombe cha kahawa kisicho na mpini, chenye moto wa kuunguza ulimi. Mke wa Bwana Swaleh alinieleza kwamba mama yake naye aliugua hivyo, akawa anasifu kila chakula na kula hakili. "Tulijua amepona alipoanza kukosoa tena," akasema. "Siku aliyoniambia mchuzi wangu maji matupu, nililia kwa furaha." Nilipoondoka alinitia mkononi pakiti ya iliki. "Mgonjwa atafune moja asubuhi. Hii hulipi."

Naomi alikuwa amekwama mvuani upande mwingine wa mji, basi nikapanda bodaboda. Kijana alinifunika na karatasi ya plastiki. "Mathe, shikilia. Westlands imejaa maji, tunapita ndani ndani." Tulipita ndani ndani kweli, nyuma ya majengo, kando ya uzio, hadi mahali aliposimama akaniuliza mimi ni wapi tulipo. Nikamwambia mimi ni mtu wa Kimilili. Tulimuuliza muuza maua, muuza maua akamuuliza askari, tukafika Kitisuru nikiwa nimeloa mpaka mifupa, na kahawa kavu kabisa chini ya blauzi yangu.

Jumapili

Nilioka keki mbili, zote za kahawa ya Bwana Swaleh na viazi vya Elgon. Moja niliiacha hivyo. Ya pili, ilipotoka tu, ningali nasikia moto wake usoni, niliitoboatoboa kwa kijiti cha meno na kuimwagia Irish ya chupa kijiko kwa kijiko. Keki ya unga mtupu ingemomonyoka. Viazi viliishika wiski yote, tena vizuri. Jikoni pakanukia kama pale nilipopumua kwa pua.

Wageni walikuja baada ya ibada: majirani, wauguzi wenzake wa zamani, Everlyne na yule msusi wake. Waliomba, waliimba. Nikasimama na kutangaza mbele ya wote, bila kunong'ona, kwamba keki ya kulia haina kileo na ya kushoto inacho, kila mtu achague. Mzee mmoja wa kanisa lao alichagua ya kushoto akasema macho yake hayaoni vizuri.

Rosebella alikatiwa kipande cha kwanza, kichwa wazi, nywele zake fupi zikimeta. Kila mtu akamtazama. Akauma. Akatafuna polepole, akameza.

"Ni tamu sana," akasema.

Watu wakapiga makofi. Mimi moyo ulizama. Hayo ndiyo maneno aliyoniambia kwenye mbavu za mbuzi, hayo ndiyo aliyoniambia kwenye keki ya kwanza. Nilitabasamu na kugawa vipande, nikahakikisha kila mtu amekula, nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado kwenye vilele vya miti. Rosebella alikuwa amekaa barazani akaniita. Mezani palikuwa na viglasi viwili, na kidogo cha Irish katika kila kimoja.

"Kaa," akasema. "Hii si kazi. Kazi imekwisha. Hii unakunywa kwa sababu tumefika."

Nikakaa. Nikakumbuka kanisa, nikakumbuka ninyi, kisha nikanywa. Safari hii sikukohoa. Iliingia taratibu, kahawa kwanza, sukari iliyoungua baadaye, na ule moshi wa mwisho ukakaa ulimini nilipokuwa nikisikiliza ndege wa Kitisuru wakigombania matawi. Ilikuwa tamu. Sikuipima, sikutafuta kosa lolote ndani yake. Nilifurahi nayo, na ilipokwisha nikajimiminia tena kidogo kwa mkono wangu mwenyewe.

Rosebella hakuwa amegusa glasi yake. Alikuwa amepakata sahani, na juu yake kipande kikubwa cha keki ya kushoto, kimeliwa nusu.

"Jescah, kuna jambo nataka kukwambia, na usikasirike."

"Sema."

"Pale mbele ya watu nilisema ni tamu sana."

"Nilisikia."

"Nilikuwa nasema tu ili wale wafurahi." Akaokota kipande kwa vidole, akakiweka mdomoni, akafumba macho. "Umezidisha sukari."

Niliweka glasi chini. "Nini?"

"Sukari. Umeijaza. Na hii kahawa ni kali, sawa, ndivyo inavyotakiwa, lakini iliki uliyotia ya nini? Nani alikwambia Irish inataka iliki?"

Nilikuwa nimetia punje moja tu, iliyopondwa, kwa ajili ya yule mama wa dukani. Punje moja katika keki nzima.

"Umeisikia iliki?" nikamuuliza.

"Nitaachaje kuisikia? Inapiga kelele." Akakata kingine. "Na hapa katikati wiski imekuwa nyingi kuliko pembeni. Ulimwaga bila kupima."

Katika maisha yangu ya kuoka hakuna mtu aliyewahi kuisema keki yangu hivyo akaondoka salama, mnanijua. Nilifunika uso kwa kitambaa changu cha kichwa nikalia na kucheka vyote pamoja, naye akaniambia niache fujo, anaongea mambo ya maana. Viazi navyo, akasema, ningeviponda zaidi, kuna kidonge hapa. Na chumvi iko wapi? Keki ya kahawa bila chumvi kidogo ni keki gani? Alilalamika hivyo hivyo, kipande kwa kipande, mpaka sahani ikabaki nyeupe.